Hiyo pawa saplai itaingia? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii meseji za pawa saplai, lile boksi la ndani ya kompyuta linalogawa umeme, zimekuwa nyingi sana, nadhani ni ule umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo, na karibu zote zinafanana kitu kimoja, mtu ameshanunua ndo anauliza kama itaingia. Jamani ulizeni kabla hela haijatoka. Najibu hizi chache, naamini wengi zitawagusa.

Fundi shikamoo. Nina stesheni (duka la vifaa vya kuandikia) hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, CPU yangu, yani boksi la kompyuta, ni Dell OptiPlex 7020 ile nyembamba, haiwaki kabisa, kijana wa jirani kasema ni pawa saplai. Shemeji yangu yuko Mwanza mjini, nimwambie anunue ya wati ngapi?

Marahaba dada yangu. Wati tutafika, ila kwanza tuhakikishe kweli imekufa maana kupanda meli kuja kurudisha kifaa ambacho hakikuwa na shida inauma. Nyuma ya hiyo Dell, jirani na pale unapochomeka waya wa umeme, kuna kitufe kidogo na taa ndogo. Waya ukiwa umechomekwa ukutani bonyeza kitufe, taa ikiwaka kijani pawa saplai ni nzima, tatizo liko kwingine. Isipowaka badilisha waya na soketi kwanza, bado haiwaki basi chomoa umeme, fungua kesi, toa plagi zote zinazotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye madabodi (ile sakiti kubwa ya ndani) na hadidisk, alafu rudisha umeme ubonyeze tena. Ikiwaka hapo ujue kuna kitu ndani kinapiga shoti na pawa saplai inajilinda tu. Ikikaa kimya kabisa, hapo sawa, imekufa.

Sasa kununua. Hizi kompyuta za maofisini tunazoletewa za mtumba kila moja ina mambo yake, na Dell ndo wanachanganya watu kuliko wote. OptiPlex 7010 ile iliyotoka 2012 ina plagi kubwa ya pini 24, 7020 iliyokuja 2014 ina pini 8, ukiziweka pamoja kwa nje ni kama mapacha na namba zinafuatana lakini pawa saplai haziingiliani. Kwahiyo usimwambie shemeji "ya Dell nyembamba", muuzaji atampa yoyote iliyo karibu na mkono. Itoe pawa saplai yako, ipige picha nne umtumie kwa WhatsApp: stika yake yote isomeke, plagi zote zikiwa zimelala mezani uhesabu pini, upande wa matundu ya skrubu, na ya mwisho weka rula pembeni ipime urefu, upana na kimo. Yako itakuwa ya wati 255, achukue wati hizo hizo au zaidi kidogo, ila plagi na umbo lazima viwe vile vile. Kwenye stika kuna namba inayoanzia DP/N, yani namba ya kifaa ya Dell, hiyo ikifanana na ya dukani umemaliza kazi.

Na ukishaitoa, mulika feni yake. Juzi nimefungua mashine ya duka moja Kirumba iliyokuwa inazima kila baada ya dakika kumi, mwenyewe alikuja na hela ya pawa saplai mkononi, nilivyomulika na tochi ya simu nikakuta wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi jioni wamejazana kwenye matundu wakagandana na vumbi, limekuwa blanketi la kijivu na feni haizunguki. Nimesafisha kwa brashi na kupuliza, mpaka leo inapiga kazi. Ila safisheni kwa nje tu, boksi lenyewe la pawa saplai msilifungue, ndani kuna kapasita inayobaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa umeme.

Bro nimenunua pawa saplai mpya ina pini 24, nafungua HP EliteDesk 800 G1 yangu nakuta pini 6. Nikate waya niunge mwenyewe? Niko Igoma.

Usikate kaka, tafadhali. Sio suala la idadi tu. Pawa saplai ya kawaida mashine ikiwa imezimwa inatoa volti 5 kupitia ule waya wa zambarau, hizi HP na Dell za namna yako zinataka 12 muda wote, ndo maana adapta nzuri ya kutoka 24 kwenda 6 ina kisakiti kidogo katikati kinachopandisha hizo volti. Adapta ipo, tafuta iliyoandikwa kabisa HP, maana ya Dell pia ina aina ya pini 6 na sio hiyo hiyo. Lenovo nao, mfano ThinkCentre M93p, wana pini 14. Kabla hujanunua adapta pima nafasi: pawa saplai ya ATX, yani hiyo ya kawaida ya pini 24, ina upana milimita 150, kimo 86 na kina 140 au zaidi, kama mashine yako ni ile nyembamba haitaingia hata usukumeje. Hapo irudishe dukani ingali na boksi lake.

Nasoma chuo cha SAUT hapa Mwanza, nataka kuweka kadi ya grafiki kwenye desktopu ya wati 240. Nimeona pawa saplai ya wati 500 bei poa sana, nichukue?

Soma stika kabla ya kusoma bei, mdogo wangu. Tafuta mstari wa +12V uone ampia ngapi, zidisha kwa 12. Nimeshika moja hapa mezani, nje imeandikwa 500 kwa herufi kubwa, kwenye +12V inasema ampia 18, yani wati 216, na huko ndiko kadi na prosesa wanakokula. Ya wati 500 ya kweli inakaribia ampia 40. Pia iinue, nyepesi kama boksi tupu iache. Kama kadi ni kama GTX 1050 Ti isiyo na plagi yake ya umeme, inachukua mpaka wati 75 kwenye sloti, yani pale inapochomekwa kwenye madabodi, hiyo ni nyepesi, ila Nvidia wenyewe, wenye hiyo kadi, wanashauri mashine nzima iwe na pawa saplai ya wati 300, kwahiyo 240 naiona finyu.

Na ukibadilisha angalia sana plagi mbili za pini 8, ya prosesa na ya kadi. Zinafanana mno lakini chanya na hasi zimekaa kinyume. Ya prosesa mara nyingi inagawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Ikigoma kuingia usilazimishe, toa, geuza, angalia umbo la kila tundu.

Pawa saplai yangu ya nyaya za kuchomoa imekufa, mpya nimepata, naweza kubakiza nyaya za zamani kwani zimeshapangwa vizuri ndani?

Hapana, hapana kabisa. Upande wa madabodi plagi zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Inachomeka vizuri kabisa alafu hadidisk yenye picha za watoto inaungua sekunde hiyo hiyo. Toa zote, panga upya.

Kuna swichi nyekundu nyuma imeandikwa 115 na 230, niweke wapi?

230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka kwa umeme wetu utasikia paa! na harufu, ndo imeisha. Weka kabla ya kuchomeka, alafu bandika selotepu juu yake watoto wasiichezee.