Bunduki ya marehemu baba bado si yako

Msomaji mmoja wa Arua, hapa Uganda, ameniandikia wiki hii. Baba yake amefariki na ameacha bunduki ya zamani kwenye mfuko wa ngozi juu ya kabati, pamoja na cheti kilichokwisha muda. Anataka iandikwe kwa jina lake, kisha aanze kukusanya nyingine za enzi za KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni Afrika Mashariki). Anauliza aanzie wapi. Swali hili linanijia kwa sura nyingi, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine wasome.

Ndugu yangu, pole kwa msiba. Kabla ya kufikiria mkusanyiko kuna jambo la kufanya leo hii. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka kila bunduki iwe na cheti chake, na cheti hicho ni cha mtu aliyetajwa ndani yake. Hakirithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Mwenyewe akifariki, bunduki inabaki nyumbani bila mtu mwenye ruhusa ya kuwa nayo, na anayelala chini ya paa hilo ndiye atakayeulizwa. Hati ya kusimamia mirathi inakupa sauti juu ya mali ya marehemu, lakini haikupi ruhusa ya kushika silaha. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na wanalipia kosa hilo mahakamani.

Basi usiiguse. Usiifungue kuangalia kama ina risasi. Ichukulie kuwa inayo. Funga chumba, mwite mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha mpigie OC (mkuu) wa kituo cha polisi aje au atume mtu kuichukua. Usiitie kwenye gari, wala usiifunge kwenye gunia ukapanda nayo boda ukidhani unawapunguzia polisi kazi. Kizuizi cha kwanza barabarani kitakukuta na silaha isiyo na cheti, na hapo nia yako njema haionekani popote kwenye karatasi.

Afande akiichukua, dai stakabadhi. Iandikwe aina ya bunduki, kaliba (kipenyo cha tundu la mtutu), namba zote zilizogongwa juu yake, idadi ya risasi, hali ya kitako na kasiba (mtutu), tarehe, jina na namba ya afande, na mhuri wa kituo. Mwenyekiti naye aweke sahihi kama shahidi. Stakabadhi iliyoandikwa tu "bunduki moja, kuukuu" haina faida. Kituo kikihamishia silaha makao makuu, au OC akibadilishwa, hakuna atakayeweza kusema ipi ni ya baba yako katika rundo la bunduki kuukuu. Cheti cha marehemu kiambatanishe kwa nakala, na asili ubaki nayo.

Sasa njoo kwenye cheti chako mwenyewe. Kosa ninaloliona zaidi kuliko yote ni mtu kuanza na bunduki. Anaichagua, anaahidiana bei na muuzaji, wengine wanatoa hata kianzio, ndipo wanatafuta barua. Nchini kwetu mambo yanakwenda kinyume chake: anayechunguzwa ni wewe, na bunduki inakuja mwisho wa safari. Chini ya miaka 25 hakuna ombi. Mlevi hapewi, mwenye maradhi ya akili hapewi, na Inspekta Jenerali wa Polisi anaweza kumkataa mtu kwa sababu nyingine yoyote inayomfanya asifae kukabidhiwa silaha.

Njia ya kawaida inaanzia kijijini. Barua ya LC1, kisha GISO (afisa usalama wa gombolola), OC wa kituo, DISO (afisa usalama wa wilaya) na DPC (kamanda wa polisi wa wilaya), RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), halafu faili linapanda mpaka makao makuu ya polisi Naguru, Kampala. Kila mmoja anaandika maoni yake juu ya maoni ya aliyemtangulia, ndiyo maana huwezi kuruka ngazi. Mtu mwenye rafiki mkubwa Kampala huenda moja kwa moja Naguru, na faili lake linarudishwa chini kwa sababu hakuna aliyeandika jinsi anavyoishi na jirani zake. Barua ya LC1 ndiyo nyepesi kuipata na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwenyekiti anajua kama unapigana na mkeo, kama una kesi ya mpaka wa shamba, kama unakunywa waragi mpaka usiku wa manane. Ugomvi wa ardhi unaoendelea ni sababu tosha ya kukunyima, na ni haki. Maliza kesi kwanza.

Ongeza cheti cha tabia njema, ambacho alama za vidole vyako hupitishwa kwenye kumbukumbu za polisi, na ripoti ya daktari inayogusa macho, mikono na afya ya akili. Ripoti inayosema tu kwamba mwombaji ni mzima huwa inarudishwa. Daktari aandike alichopima.

Yanayoharibu faili ni madogo na yanaudhi. Jina kwenye kitambulisho cha taifa liko hivi, kwenye barua ya LC liko vile. Herufi moja tu na kila ofisi inasimama. Rekebisha jina kabla ya kuanza, kwa hati ya kiapo ikibidi, kwa sababu ukisubiri faili lifike wilayani utaanza upya kutoka kijijini. Barua nyingine inakuwa ya zamani mno inapofika juu, au imeelekezwa kwa ofisi isiyohusika, au ina mhuri bila sahihi. Toa nakala ya kila karatasi siku ileile unayoipata, na andika tarehe na jina la ofisi iliyopokea asili.

Sehemu ya sababu ndiyo inayowashinda wengi. "Kwa usalama wangu" ni maneno ambayo kila mwombaji ameandika. Eleza: unabeba fedha za mazao kutoka wapi kwenda wapi, mara ngapi kwa mwezi, umeripoti vitisho gani na kwa namba gani ya kumbukumbu ya kituo. Kama sababu ni ukumbusho wa mzazi na kuhifadhi historia, sema hivyo hivyo, bila kujificha nyuma ya wezi wa ng'ombe ambao hukuwahi kuwaripoti. Afande anayesoma barua hizi kila siku anatambua sababu ya kuazima.

Na usikasirikie ukali huu. Arua wanakumbuka jinsi mbunge wao Ibrahim Abiriga alivyouawa kwa risasi Juni 2018. Siku chache baadaye, tarehe 20 Juni, Rais Museveni alitangaza bungeni kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe alama zake. Kule Karamoja operesheni ya kukusanya silaha iliyoanza Julai 2021 ilipewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Nchi iliyopitia haya haiwezi kugawa vyeti kama risiti za duka.

Ukipata kibali, yako mafunzo na majaribio ya kulenga chini ya polisi. Hapa Kiswahili kinakusaidia, maana Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wetu tangu enzi za KAR. Kidole kinakaa nje ya triga mpaka uambiwe. Mtutu hauelekei popote isipokuwa kwenye shabaha. Anayegeuka na bunduki mkononi kumuuliza mwalimu swali huwa amejifelisha papo hapo.

Tuje kwenye ukusanyaji, ambao ndio moyo wa swali. Kwa kuwa kila bunduki inadai cheti chake, mkusanyiko wa bunduki tano ni maombi matano, sababu tano, na kuhuisha vyeti vitano kila mwaka. Uzee wa bunduki peke yake usiuhesabu kuwa ruhusa. Lee-Enfield ya kaliba .303 iliyokubaliwa jeshini mwaka 1907 bado inaua leo kama ilivyoua wakati huo. Hata gobore la fataki, kabla ya kulinunua kwa mzee wa kijiji kama pambo la ukutani, uliza polisi kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi. Bunduki za rashasha zisahau kabisa. Hizo ni za jeshi, na kupatikana nayo ni kesi ya aina nyingine.

Anayekusanya anapaswa kusoma chuma kabla ya kuandika ombi, kwa sababu ombi lenye maelezo yasiyolingana na bunduki huzaa mashaka. Kwenye Lee-Enfield tafuta namba kwenye kiunzi cha chuma kinachobeba kasiba, kwenye kasiba yenyewe, na nyuma ya mkono wa boliti, kile kipande kinachofunga nyuma ya kasiba. Zikilingana, bunduki haijachanganywa. Namba ya boliti ikiwa tofauti, kuna mtu alibadilisha boliti, na nafasi kati ya uso wa boliti na ganda la risasi huenda si sahihi. Ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi usoni. Fundi mwenye leseni aipime kabla haijapigwa hata mara moja. Wako wafanyabiashara wanaosaga namba ya boliti na kugonga nyingine ili zilingane na bei ipande. Kufuta au kubadilisha namba ya silaha ni kosa la jinai, na ukiinunua namba ile imekuwa tatizo lako. Heri bunduki ya namba mbili tofauti zilizoandikwa wazi kwenye karatasi.

Shotigani za Kiingereza za mitutu miwili zina hatari yake. Nyingi za zamani chemba yake, yaani mahali risasi inapokaa, ni milimita 65, na risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Risasi hiyo itaingia vizuri, kwa kuwa urefu unaotajwa ni wa ganda likishafunguka, si kabla. Inapopigwa, mdomo wa ganda unafungukia mahali pembamba na shinikizo linapanda. Kasiba yenye michirizi kama mawimbi ya mbao ilisukwa kwa vipande vya chuma kwa ajili ya baruti nyeusi. Usiilishe risasi za kisasa. Alama za majaribio chini ya mitutu, karibu na chemba, ndizo zinazosema ilipimwa kwa baruti ipi.

Kuchukuliwa alama kwa bunduki ni kupiga risasi kadhaa na kuhifadhi maganda na vichwa vyake. Kichwa kinabeba mikwaruzo ya ndani ya kasiba, ganda linabeba alama ya pini na ya uso wa boliti. Shotigani haina mifereji ndani ya kasiba, kwa hiyo kwake ganda ndilo shahidi. Maana yake ni hii: ukibadilisha kasiba, boliti au pini baadaye, bunduki yako haifanani tena na kumbukumbu zake. Ripoti kabla ya fundi kugusa, na vipande vya zamani virudishwe kwa polisi. Itifaki ya Nairobi ya 2004 nayo inataka silaha inayoingizwa nchini igongwe alama ya nchi na mwaka wa kuingizwa. Najua inauma kuona bunduki ya miaka mia ikigongwa upya. Kubali.

Anayetaka kufanya biashara ya silaha ajue kwamba leseni ya muuzaji ni tofauti kabisa na cheti cha mwenye bunduki. Kuna ukaguzi wa jengo, kibali cha kila shehena inayoingia, na daftari ambalo kila kitu kinachoingia na kutoka kinaandikwa siku hiyohiyo: namba, kaliba, idadi, jina na namba ya cheti cha mnunuzi. Mkaguzi akihesabu risasi akakuta pungufu moja, maelezo ya mdomo hayasaidii. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo sishauri.

Nyumbani, kasha la chuma lifungwe kwa boliti ukutani au sakafuni, kwa ndani. Kasha lisilofungwa linabebwa zima. Risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo mwingine. Cheti kinahuishwa kila mwaka. Kikipitisha tarehe, bunduki ileile iliyokuwa halali jana leo si halali. Ukisafiri muda mrefu, iache kituoni kwa stakabadhi. Na cheti cha Uganda kinaishia Malaba na Busia. Ng'ambo ya pili ni sheria za Kenya.

Nirudi kwa mfuko wa ngozi, ndugu yangu. Ngozi inanyonya unyevu na ina chumvi za kulainishia. Bunduki iliyolala humo miaka mingi huoza upande uliogusana na ngozi huku upande wa juu ukiwa safi. Siku utakapokabidhiwa kwa cheti chako, mfuko uweke kama kumbukumbu na bunduki ikae nje yake, kwenye kasha, pamoja na pakiti za jeli ya silika unazozikausha kila baada ya wiki chache msimu wa mvua. Kama ilipigwa kwa risasi za kijeshi za zamani, mafuta peke yake hayatoshi, kwa sababu fataki zake (zile zinazowasha baruti) zinaacha chumvi ndani ya kasiba na mafuta hayayeyushi chumvi. Pitisha maji ya moto kwanza, kausha kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta. Rudia kesho yake uangalie kama kitambaa kinatoka na wekundu wa kutu.