Kwa mnaoanza kliniki ya presha: pimeni na nguvu za mkono

Mtakutana mapema na mgonjwa aliyeambiwa na ndugu zake, wakati mwingine hata na mhudumu mwenzetu, kwamba mwenye presha hafanyi kazi ya nguvu. Basi anakaa. Ndoo anabebewa, ngazi anazikwepa, na miaka ikipita hawezi tena kuinuka kitini bila kushika mahali. Dawa inashusha namba huku mwili unakwisha. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Presha ya muda mrefu hukakamaza ateri kubwa, yaani mishipa inayotoa damu moyoni: nyuzi zinazovutika huchakaa, kolajeni, ile protini ngumu, huongezeka. Msuli unapofanya kazi, damu hupita kwa wingi na kuusugua ukuta wa ndani wa mshipa, nao hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayoulegeza. Asiyejongea anaikosa nafuu hiyo. Mashine za kupima ugumu wa mishipa ni adimu, lakini kifaa cha kupima nguvu ya mshiko, yaani mkono unavyominya, kinaingia kwenye begi.

Msikidharau. Utafiti wa PURE uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kila upungufu wa kilo 5 za mshiko uliendana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Mshiko ulibashiri vifo vizuri kuliko namba ya juu ya presha. Ila uliendana tu. Mkono dhaifu ni ishara ya hali ya mwili mzima, kwa hiyo msimwambie mama wa watu kwamba akiminya mpira atapona.

Kabla ya zoezi lolote pimeni presha, mgonjwa akiwa ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishana. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, namba hupanda bure. Namba ya juu ikipita 180 au ya chini ikipita 110, siku hiyo hakuna zoezi, mpelekeni kwa daktari.

Sasa pumzi, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Mtu akiinua kitu kizito huku amebana pumzi, presha hupaa. Mwaka 1985 watafiti waliipima ndani ya ateri za wanyanyua vyuma waliokuwa wakisukuma uzito kwa miguu, wakakuta wastani wa 320 kwa 250, na hao walikuwa vijana wenye afya. Kusema “usibane pumzi” hakutoshi, watu husahau. Mimi husema, “Mzee, hesabu kwa sauti nikusikie.” Anayehesabu hawezi kubana.

Anzeni na kuinuka na kuketi kitini. Akizoea, mwegemezeni mgongo ukutani kana kwamba ameketi bila kiti, magoti yamekunjwa kidogo: dakika mbili, mara nne, akipumzika katikati, siku tatu kwa wiki. Majumuisho ya majaribio 270 yaliyotoka mwaka 2023 yalikuta mazoezi ya kukaza misuli bila kujongea, kama hili la ukutani, yakishusha presha kwa takriban 8 ya juu na 4 ya chini. Dawa zake haziachwi.

Anayetumia atenolol, mojawapo ya dawa za presha, msimpime bidii kwa mapigo ya moyo, kwani dawa inayazuia yasipande. Sikilizeni kama bado anaongea bila kuhema. Na asisimame ghafla akimaliza, atembeetembee kwanza, la sivyo kizunguzungu kitamwangusha.

Kwenye faili andikeni kilo za mshiko kando ya presha, pamoja na mkono uliopimwa. Mwenzenu atakayempokea baadaye asipojua ni wa kulia au wa kushoto, hataweza kulinganisha.