Kenya na Tanzania: maswali yenu wiki hii

Shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu Tanzania. Si ndiyo kusema uchumi wao umetuzidi mara ishirini? (Msomaji, Kahama)

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na naomba leo iwe mwisho. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa ikipata shilingi za Kenya 129 hivi, na yen za Japani karibu 150. Nani atasema Kenya imeipita Japani?

Hadi 1966 sote tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, na tulipoachana zilianza sawasawa. Yetu ilianguka baadaye: vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, mazao ya kuuza nje kudorora, kisha mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, yaliyotaka thamani yake ishushwe. Utajiri upimwe kwa pato la taifa la mwaka. Mwaka 2024 la Kenya lilikuwa limepita dola bilioni 100, letu lilikuwa karibu 80, na sisi ni wengi zaidi: sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, yao ya 2019 milioni 47.6. Pengo lipo, tena ukigawa kwa kichwa linapanuka. Ila mara ishirini, hapana.

SGR (reli ya kisasa) ya nani ni bora? (Msomaji, Nakuru)

Yenu ilitangulia 2017 kwa dizeli, yetu ikafika Dodoma 2024 kwa umeme. Zote zimetumia mikopo, na mkopo wa reli hulipwa na mizigo. Niulizeni habari za mizigo.

Nchi yenye uchumi mkubwa kuliko wetu, mbona vijana wake waliandamana kwa hasira vile 2024? (Msomaji, Moshi)

Kwa sababu ukubwa wa pato haumlishi asiye na kazi. Kenya ilikuwa na Eurobond (hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2 ya tangu 2014, iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. Februari ikabidi ikope nyingine ya bilioni 1.5, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili ipunguze ile ya zamani. Halafu ukaja muswada wa fedha ulioanza kwa kutaka kodi hadi kwenye mkate. Tarehe 25 Juni vijana waliingia bungeni, wengine wakauawa. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini.

Tusijifariji kwamba mwaka 2024 deni letu la umma lilikuwa chini ya nusu ya pato. Nasi tunakopa, na vijana wetu nao wanazunguka na vyeti mitaani.

Amri ya serikali yetu ya Julai 2025 ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogo itatusaidia? (Mwenye duka, Arusha)

Najua wengi mliishangilia. Mimi sikuishangilia. Kazi 15 zilitajwa: uwakala wa pesa za simu, saluni, ufundi simu, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na nyinginezo. Hofu ya mwenye duka naielewa. Lakini Wakenya nao walipozuia mahindi yetu Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka), magari yalilala mpakani Namanga na wakulima wetu ndio walioumia, ingawa baada ya siku chache zuio liligeuzwa kuwa masharti. Na wazee wanakumbuka 1977, jumuiya ilipovunjika mpaka ukafungwa hadi 1983.

Kiwanda kikubwa kina mawakili na kinaweza kungoja. Mama mwenye magunia mawili ya maharage hawezi. Kila tunapolipizana kisasi, yeye ndiye wa kwanza kuanguka, awe wa Longido au wa Kajiado. Mkulima anayekatazwa wanunuzi wa kigeni shambani kwake atabaki na bei ya mnunuzi mmoja, na bei hiyo haitampendelea.

Nataka kuanza kupeleka nafaka Kenya. Nipite njia za panya? (Msomaji, Babati)

Usithubutu. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi cha uasili wa bidhaa (kinachoonyesha imetoka wapi), kinatolewa hapo hapo mpakani. Mahindi yapime sumukuvu kabla hujapakia.