Rangi mpya imetoka malengelenge: nikwangue gari zima?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, la wazi, la mwaka 1965, niliipuliza rangi nyekundu miezi 5 iliyopita. Chini ya milango na nyuma ya magurudumu ya mbele pametoka malengelenge. Boneti nayo ilijikunja siku ileile; nikaipiga msasa nikapuliza tena, ikajikunja tena. Aliyenisaidia anasema rangi ilikuwa mbovu. Nikwangue gari zima?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Rangi usiilaumu bado. Una matatizo mawili tofauti, na yote yako chini ya rangi.

Chukua sindano, toboa lengelenge moja, uchimbe mpaka kwenye bati. Ukikuta unyevu na bati bado safi, maji yaliingia wakati wa kazi: ama kompresa haikuwa na chujio la maji, ama pati ilisuguliwa kwa msasa wa maji ikafunikwa kabla haijakauka. Pati hunywa maji, watu wengi hawalijui hilo. Ukikuta unga wa kahawia, ni kutu, na kwa sehemu ulizotaja naamini ndicho utakachokuta.

MGB haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari, hasa yale mabati marefu ya chini ya milango, ambayo yameungwa yakiacha uwazi ndani. Gurudumu hurusha tope, tope hukaa nyuma ya madigadi, unyevu hukosa pa kutokea, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Lengelenge linapoonekana, bati kwa kawaida limeshatoboka. Hapo msasa na pati ni kujidanganya: kata, uchomelee bati jipya. Lakini kabla ya kukata, pima nafasi za pembeni mwa milango, kisha chomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa kila mlango. Gari la wazi halina paa la kulisaidia. Ukikata bila vishikizo litalegea katikati, na milango haitafunga tena sawasawa. Nakusihi usiiruke hatua hii. Rangi ikishakauka, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya uwazi ule na uzibue matundu ya kutolea maji.

Boneti sasa. Tina (kiyeyushi) ya rangi mpya imepenya kwenye enameli, yaani rangi ya aina ya mafuta, ya zamani, ikaivimbisha na kuinyanyua. Msasa wako uliifungulia njia zaidi. Kuna kipimo rahisi: lowesha kitambaa kwa tina ya selulosi, sugua mahali palipofichika kwa nusu dakika. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni rangi ya selulosi. Ikijikunja, ni enameli. Isipobadilika, ni rangi ya hadina (inayochanganywa na kigumishi) iliyokomaa, nayo inapakika juu yake.

Boneti hiyo ikwangue mpaka kwenye bati, ila kwanza weka sumaku. MGB za mwanzo zilikuwa na boneti za alumini. Sumaku isiposhika, usitumie jiwe la kusagia wala mchanga wa kupuliza. Bati lile ni laini, hutanuka na kupinda. Tumia dawa ya kutoa rangi, suuza vizuri, piga msasa namba 180, na praima ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo.

Kwingineko rudia kipimo cha tina, paneli moja moja, kisha pima unene. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 150. Paneli ikisoma 400 au 500, kwangua, kwa sababu tabaka nene hupasuka. Iliyo chini ya 300 na ambayo tina haikuigusa, iache. Msasa wa 400 kisha 600 unatosha.

Jambo moja linanipa wasiwasi, kwa kuwa hukulitaja: barakoa. Hadina ya rangi hizi ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Tafuta ile inayoletewa hewa safi kwa mpira, na asiyeivaa asiingie chumbani wakati unapuliza. Tabaka za zamani nazo huwa na madini ya risasi, basi usizisugue kavu.