Maswali na Majibu: Mto umefungwa, samoni wanahesabiwaje?

Safari iliyopita niligusia Mto Yukon, ule unaoanzia Kanada, ukakatisha Alaska nzima na kumwaga maji Bahari ya Bering, na jinsi uvuvi wa samoni ulivyosimamishwa humo kwa sababu wanaorudi kuzaa ni wachache. Maswali yamemiminika. Nimeokota haya.

Umesema maji ya Yukon yana tope kama chai ya maziwa. Samaki anahesabiwaje asipoonekana? (Mvuvi mstaafu, Mwanza)

Mzee wangu, inategemea mto. Mto mwembamba huwekewa uzio kutoka ukingo hadi ukingo, ukaachwa mlango mmoja. Samaki wanapita mlangoni na mtu anawahesabu. Wachache huwekwa kando, wakapimwa urefu na kubanduliwa magamba mawili matatu, maana gamba la samoni husomeka umri kama pete za gogo. Uzio wa Mto Karluk, kisiwani Kodiak huko Alaska, uliwekwa mwaka 1921.

Mito mipana yenye maji maangavu, kama ya Bristol Bay, ghuba ya Alaska, hujengewa minara. Msimu mmoja nilifanya kibarua hicho. Unapanda jukwaani na miwani ya kukata mng'ao, kihesabio kiganjani. Chini ya maji yametandazwa mabamba meupe ili mgongo wa samaki uonekane anapopita. Unahesabu dakika 10, unavuka, unahesabu dakika 10 ukingo wa pili. Saa inayofuata unaanza tena, usiku na mchana kwa zamu. Samaki akigeuka na kurudi chini, unamtoa kwenye hesabu. Mwisho unazidisha kwa 6, kwa kuwa dakika 10 ni sehemu ya sita ya saa. Wakija kwa wingi kidole gumba kinakufa ganzi. Wasipokuja, unabaki unatazama mabamba meupe, na mbu wanakutazama wewe.

Yukon haina uangavu huo, kwa hiyo wanatumia sona. Karibu na kijiji cha Pilot Station, kilomita takriban 200 kutoka baharini, mitambo imetegwa kingo zote mbili. Inatuma sauti majini, na sauti ikigonga samaki mwangwi unarudi kuwa alama kwenye skrini. Taabu ni kwamba mwangwi hautaji jina. Samoni mfalme (aina kubwa kuliko zote) akiwa mdogo, na samoni chamu (aina nyingine) aliyenenepa, wanaweza kuacha alama zinazofanana. Basi kila siku mahali hapohapo hupitishwa nyavu za majaribio zenye macho ya ukubwa mbalimbali, na wanaonaswa ndio wanaoonyesha alama zile zigawanywe vipi. Ndiyo maana namba inayotangazwa ni makadirio. Usiichukue kama hesabu ya chenji dukani.

Kwa nini watu wasiachwe wavue kwanza, wakiona samaki ni wachache ndipo wafunge? (Msomaji, Tabora)

Kwa sababu samoni hangoji kikao. Wafalme huanza kuingia mtoni karibu na mwanzo wa Juni, na kabla mwezi haujaisha nusu yao huwa wameshapita Pilot Station. Ukisubiri mpaka uwe na uhakika, waliopita wamepita na walioliwa wameliwa. Halafu kutoka Pilot Station mpaka sona ya pili, ile ya Eagle mpakani na Kanada, mfalme huogelea kama mwezi mmoja. Kosa lililofanyika chini linagunduliwa kule juu, na halirekebishiki tena mwaka huo.

Mwaka 2022 wafalme waliofika mpakani walikuwa kama 12,000, ilhali kiwango cha chini kilichokuwa kikilengwa ni 42,500.

Kwa hiyo siku hizi meneja wa uvuvi anaanza na mto uliofungwa, namba zikiruhusu anafungua. Samoni huja kwa mafungu. Hata miaka ambayo kulikuwa na nafuu, fungu la kwanza liliachwa lipite. Wilaya ya uvuvi iliyo chini ya mto ilifungwa likiwa hapo, kisha iliyofuata, na iliyofuata, kama msafara wa bibi harusi unaofungiwa barabara mtaa kwa mtaa. Aprili 2024 Alaska na Kanada zikatia saini kwamba mfalme anayekwenda Kanada asivuliwe kwa miaka 7, yaani kizazi chake kimoja, huku wakilenga 71,000 wavuke mpaka. Wapo wanaosema ni ukali kupita kiasi. Mimi naona walichelewa.

Chamu wakiwepo na mfalme hayupo, wote wanafungiwa? (Msomaji, Kisumu)

Si lazima. Hapo unachagua zana. Nyavu za macho makubwa zinaondolewa, zinaruhusiwa za inchi 6 kushuka chini, ambazo mfalme mkubwa huzigonga na kuponyoka. Wakitaka uangalifu zaidi wanaruhusu wavu wa kuchotea wenye mpini mrefu, ambao wazee wa Kigoma wataufananisha na lusenga: umchote chamu, mfalme umrudishe majini akiwa hai. Ila kuchota siku nzima kwenye mto mpana si kazi ya bibi wa miaka 70 aliyezoea wavu wake mmoja kwenye kona ileile, na jambo hilo halisemwi vya kutosha ofisini.

Naishi Anchorage, nataka kwenda Kenai na familia Julai. Jirani ananiambia mto umefungwa, mwingine anasema umefunguliwa saa 24. Nimwamini nani? (Baba wa watoto wanne)

Ndugu yangu, inawezekana wote wawili wamesema kweli. Mto Kenai una samoni mfalme waliopungua sana, na una samoni wekundu ambao miaka kadhaa wamekuja kwa wingi. Jirani wa kwanza anazungumzia mfalme, wa pili anazungumzia wekundu. Uvuvi wa wavu wa kuchotea kwa wakazi ni tarehe 10 hadi 31 Julai, kwa kawaida kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 5 usiku. Sona ikionyesha wekundu wamezidi, idara ya uvuvi ya Alaska hutoa amri ya dharura ya kuongeza saa, hata usiku kucha.

Uwe umekaa Alaska miezi 12 kwanza, na uchukue kibali. Mkuu wa kaya anapewa samaki 25, na kila mwingine wa kaya anaongeza 10. Nawe na mama na watoto wanne, piga hesabu, kisha ujiulize friza yako inachukua wangapi. Kila samaki mkate ncha zote mbili za mkia, na umwandike kwenye kibali kabla hujaondoka ufukweni. Mfalme akiingia kwenye wavu, mwachie bila kumkokota mchangani. Na asubuhi ya safari fungua tovuti ya idara usome amri ya siku hiyo, kwa maana ya jana huenda imebadilishwa.

Wataalamu hawawezi kutabiri mapema? (Mwanafunzi, Morogoro)

Wanatabiri, na bahari inawaumbua. Mto Fraser, Kanada, mwaka 2009 walitazamia samoni wekundu zaidi ya milioni 10, wakaja kama milioni moja na nusu. Serikali ikaunda tume chini ya Jaji Bruce Cohen kutafuta walikopotelea. Tume ikiwa bado inajipanga, mwaka 2010 wakaja zaidi ya milioni 28. Ndiyo maana utabiri hutumika kuanzia msimu, na hesabu ya mtoni hutumika kuuendesha.

Sisi Ziwa Tanganyika lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Si ndiyo hayohayo? (Mdau, Kigoma)

Jina ni hilohilo, kazi tofauti. Dagaa wako huzaa akiwa ziwani humohumo na hukua upesi, hivyo pumziko la miezi mitatu linaweza kuonekana kwenye nyavu baada ya muda mfupi. Samoni mfalme huzaa mara moja akafa, na wengi wa watoto wake hurudi wakiwa na miaka mitano au sita. Anayefungiwa mto leo, faida yake ataiona mtoto wa darasa la kwanza akikaribia kumaliza shule ya msingi.

Tofauti nyingine ni kalenda. Tanganyika ilifungwa kwa tarehe zilizojulikana mapema. Yukon ikifunguliwa, hufunguliwa kwa saa: kwa mfano kuanzia Jumatatu saa 12 jioni mpaka Jumatano saa 12 asubuhi, basi. Tena kila Jumanne wakati wa kiangazi kuna simu ya pamoja. Vijiji vinapiga, kimoja baada ya kingine vinaeleza maji yamefika wapi na nani ameona samaki gani, mameneja wakisikiliza na kuulizwa maswali magumu. Hilo ningependa tulione kwenye BMU zetu, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo.

Sema ukweli, si meli kubwa ndizo zinazowamaliza? (Msomaji, Tanga)

Zina sehemu yake. Meli zinazokokota nyavu za kuvua poloki, samaki wa baharini, Bahari ya Bering zilinasa chamu zaidi ya 500,000 mwaka 2021 bila kuwakusudia, ingawa vinasaba vilionyesha sehemu kubwa walikuwa wa Asia. Mwaka huohuo chamu wa kiangazi waliopita Pilot Station walikuwa kama 150,000, mahali palipozoea zaidi ya milioni. Lakini bahari nayo ilipata joto, na chamu wachanga wakaonekana wakila yavuyavu zisizo na mafuta. Mwaka 2019 mto wenyewe ulichemka kiasi kwamba kwenye Koyukuk, mto unaoingia Yukon, waliokotwa chamu wamekufa na mayai yote tumboni.

Namwelewa mtu wa kijijini anayeambiwa asiteremshe wavu wake mmoja huku meli zikiendelea. Mwaka huo wa 2021 samoni walisafirishwa kwa ndege kutoka Bristol Bay, wakateremshwa kwa maboksi kwenye vijiji vya ukingoni mwa Yukon, ambako nyumba za kukaushia samaki zilikuwa zimesimama tupu, moshi hautoki.