Usisome namba ya lenzi ukaacha sensa

*Shikamoo. Nachagua kati ya kamera mbili ndogo, moja f/1.4, nyingine f/1.8. Ya f/1.4 si ndiyo bora gizani? (Msomaji, Ngamiani)*

Marahaba. Namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inapitisha mwanga mwingi zaidi. Lakini umenitajia lenzi, sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga) hukuitaja, na kila wiki naletewa swali hilihili likiwa nusu. Ukikinga maji ya mvua huangalii ukali wa mvua tu, unaangalia na upana wa beseni. Lenzi ndiyo mvua, sensa ndiyo beseni.

Chukua Panasonic LX7 na Sony RX100, zote za 2012, kwenye mitumba bado zimo. Ya kwanza inaanzia f/1.4, ya pili f/1.8. Lakini sensa ya Sony ni milimita 13.2 kwa 8.8, na ya Panasonic haifiki nusu ya eneo hilo. Bila kuvuta zumu, Sony inashinda. Vuta mpaka mwisho: Sony imeshuka hadi f/4.9, Panasonic iko f/2.3. Hapo Panasonic inapata mwanga zaidi ya mara 4 kwa kila milimita ya mraba, na beseni lake dogo linajaa kuliko la mwenzake. Kama harusini unakaa viti vya nyuma na kumvuta bibi harusi jukwaani, namba yako ni ile ya pili, ya zumu ikiwa imevutwa yote, ambayo wauzaji hawaitaji. Ukiwa dukani vuta zumu yote, kisha soma namba ya f kwenye skrini. Na sherehe za akina mama usipige bila idhini, hata kwa kamera nzuri namna gani.

*Megapikseli 12 au 20?*

12 zinatosha.

*Ricoh GR ina f/2.8 tu. Si dhaifu kuliko f/1.8?*

Sensa yake ni ya saizi iitwayo APS-C, eneo lake ni zaidi ya mara 3 ya ile ya RX100. Haishindwi. Ila haina zumu, utatembea kwa miguu.

*Nilipiga Mapango ya Amboni, picha zote chenga. Ninunue ipi?*

Usinunue kamera, nunua stendi. Jiwe halikimbii. Weka ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 4, na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Siku niliyosahau stendi nilikunja kanga juu ya mwamba nikailaza kamera hapo, na mikunjo ya chokaa ukutani ikatoka yote. Lenzi yenye mwanga mwingi inahitajika kwa mtu anayecheza au mtoto anayekimbia. Flashi izime, popo wamelala.

*Nimepata ya mtumba kwa bei nzuri, mwenyewe anakaa Raskazone, kando ya bahari. Niichukue?*

Kwanza mulika lenzi kwa tochi, ukitazama kwa upande. Hewa ya bahari ina unyevu, na kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Ukiuona, hata f/1.4 haina maana. Muuzaji akikukataza kumulika, irudishe mezani uondoke.