Sekunde tatu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Juzi kwenye simu nilikujibu harakaharaka kwa sababu maharage yalikuwa jikoni, na jibu lile halikunikaa vizuri moyoni. Ulisema ofisini kwenu wanaunda timu ya netiboli kwa ajili ya michezo ya Mei Mosi, meneja amekutaja, nawe unaona mazoezi ya jioni yatakula muda wako wakati ndiyo kwanza umeajiriwa. Ukaniuliza: "Mama, ile netiboli yako ya miaka yote ilikusaidia nini kazini, au ulikuwa unajifurahisha tu?"

Nilijifurahisha, tena sana. Lakini kuna jambo moja la kazi ambalo sikulijua mpaka netiboli iliponionyesha, na sijawahi kukusimulia.

Mchezo unaujua. Ukishaudaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, na una sekunde 3 tu, uwe umeutoa au umefunga. Shuleni uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu, mistari tunaichora kwa majivu ya jiko la shule, na mwalimu wa michezo anasimama pembeni anahesabu kwa sauti: moja, mbili... Akifika tatu mpira bado unao, hasemi kitu. Anakuja, anautoa mikononi mwako, anawapa wapinzani. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuukumbatia. Nilitaka kwanza nione nani yuko mahali pazuri kabisa, nani hatauangusha, na katika kuchagua huko tatu imeshafika. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba utakayempa unamtafuta kabla mpira haujakufikia. Macho yanatangulia mikono. Na ukishautoa husimami kuutazama. Unakimbilia penye nafasi ili aliyenao naye apate wa kumpa. Mwaka 1988 tukaenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, tukatolewa mapema, nikamaliza shule, nikaacha kucheza.

Mwaka 1993 nikaanza kazi wodi ya wazazi. Hospitali siitaji. Usiku mmoja, kitanda namba 9, alilala mama aliyejifungua jioni ile. Nilipomfunua niliona damu inatoka kuliko nilivyopenda. Haikuwa ya kupigia kelele. Nikapima presha, bado nzuri. Nikaligusa tumbo, nikaona halijakaza sawasawa, nikalikanda kidogo, nikajiambia nitarudi mwenyewe. Nikaitwa leba. Asubuhi nikatoa ripoti macho yanafumba, nilipofika kitanda namba 9 nikasema, "Anaendelea vizuri." Kichwani mwangu yule alikuwa mgonjwa wangu, nilikusudia kupita kumwangalia kabla sijaondoka. Sikupita. Saa nne walimkuta ameloa, presha imeshuka, ndugu zake wanakimbizwa kutoa damu. Alipona, Mungu ni mkubwa. Sista wetu mkuu aliniita, hakunifokea hata kidogo. Aliniuliza tu, "Ulimwachia nani?"

Sikuwa na jibu, mama. Wiki mbili sikulala. Mwenzangu mmoja, aliponiona ninavyokonda, akanivuta mazoezini kwa wauguzi wenzetu. Nilikwenda ili kichwa kitulie, sikufuata somo lolote. Siku ya kwanza tu nikadaka mpira, nikausimamisha mikononi nikitafuta wa kumpa, kipenga kikalia. Nikabaki nimesimama pale na mpira. Nilichokifanya wodini kilikuwa hichohicho! Sikuwa mvivu wala mzembe. Nilimpenda mgonjwa wangu kiasi cha kutomwachia mtu.

Tangu siku ile, ninapopita kitanda hadi kitanda najiuliza huyu nitampa nani, nami naandika papo hapo, hata wasiwasi mdogo nausema. Ripoti yangu ni ndefu, wenzangu wanalijua hilo, na hakuna anayeikatisha.

Utasema hayo ningejifunza kazini bila kukimbia uwanjani. Pengine. Lakini fikiri hivi: ofisini unakosea Januari, matokeo unayaona Juni, na ikifika Juni hukumbuki tena ulikosea wapi. Uwanjani, katika robo moja ya dakika 15, unaamua mara nyingi usizoweza kuhesabu, na kila uamuzi unajibiwa hapohapo, mbele ya wenzako, kisha unapewa mpira mwingine. Mwili unazoea. Sisemi kila mwanamichezo ni mfanyakazi mzuri. Nimecheza na mabingwa waliokuwa wakichelewa zamu kila wiki. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujifunza, pale mwalimu hachelewi.

Jambo la pili ni namba niliyocheza. Unakumbuka mwaka 2023, Kombe la Dunia la netiboli lilipochezwa Cape Town, mara ya kwanza kufika Afrika? Tulitazama kwenye simu yako, tumejibana kwenye kochi, na Waganda walipomaliza wa tano ulishangilia utafikiri ni Taifa Queens, timu yetu ya taifa. Macho yako yalikuwa kwa wafungaji. Mimi nilikuwa namtazama WD, mlinzi wa pembeni, namba yangu. Wewe hukuwahi kujua kwamba katika miaka yangu 11 ya timu ya wauguzi sikufunga hata goli moja, kwa sababu WD haruhusiwi kufunga. Hata kwenye lile duara la kufungia hakanyagi, kwao wala kwa wapinzani. Kazi yake ni kumsumbua WA, mshambuliaji wa pembeni wa wapinzani, asiingize mpira kwa raha, kuunasa, kuwapa wenzake. Goli likifungwa kule mbele, watu wanamrukia GS, mfungaji. Mwanzoni roho iliniuma. Baadaye nikaanza kuona magoli yanavyoanza: mpira alioudokoa mtu mmoja huku nyuma, pasi nne kabla. Nilipowekwa kuongoza wodi, jicho hilo ndilo lililonisaidia zaidi ya semina zote. Najua nani alisafisha vifaa usiku, nani alikaa na mama anayelia, na ninawataja kwa majina kwenye kikao.

Wewe ni mgeni ofisini. Bila shaka sasa hivi unataka kazi yako ionekane, nami sikulaumu. Ila nakuomba ucheze mahali ambapo huonekani, hata kwa msimu mmoja.

Kuhusu muda, sitakudanganya, utakula. Na kifundo cha mguu kinaweza kuteguka. Mimi kiliwahi kunilaza wiki sita, kwa hiyo pasha mwili vizuri hata kama wenzako wanaona haya. Nilipokuzaa wewe nilisimama karibu miaka miwili, na niliporudi kulikuwa na maneno mtaani, mama wa mtoto anarukaruka na sketi. Baba yako hakusema neno. Alikubeba, akaja kukaa nawe chini ya mwembe pembeni ya uwanja. Hao niliocheza nao ndio waliopika siku tatu msiba wa bibi yako, mimi nikiwa siwezi hata kushika mwiko.

Mwambie meneja ndiyo. Wakikuuliza unacheza wapi, sema WD.

Raba zangu nilizonunua mwaka jana nimeziosha, zinakauka uani. Mguu wetu ni mmoja, namba 39. Jumamosi nitazipeleka stendi, zitakuja na basi la Mwanza. Nitakutumia namba ya kondakta. Soli ya kulia imelika kidogo upande wa kidole gumba, ndio mguu ninaogeukia. Zivae na soksi nene.

Mama yako